Enigma haikuanzia kwa Hitler, wala haikuvunjwa na mtu mmoja

Ukitaja mashine za kusimba siri za vita, wengi hukujibu papo hapo: Enigma, iliyobuniwa na wanasayansi wa Hitler. Tarehe zenyewe zinakataa. Arthur Scherbius, mhandisi wa umeme wa Kijerumani, aliomba hataza ya mashine yake Februari 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inarindima. Alikwenda kwanza kwa jeshi la wanamaji, halikuichukua, naye akageukia wafanyabiashara waliotaka kuficha bei na mikataba yao kwenye telegramu. Mwaka 1923 ilionyeshwa hadharani mjini Bern, kwenye mkutano wa kimataifa wa posta. Mwenye fedha aliweza kuinunua. Wanamaji waliikubali mwaka 1926, jeshi la nchi kavu mwaka 1928. Scherbius alifariki mwaka 1929 kwa ajali ya gari la farasi, miaka minne kabla ya Hitler kushika madaraka.

Wapo pia wanaoamini kwamba Scherbius ndiye aliyekuwa na wazo hilo peke yake. Kiini chake ni gurudumu lenye vituo 26 kila upande, na ndani nyaya zimevurugwa zikiunganisha upande mmoja na mwingine. Kila kitufe kinapobonyezwa gurudumu husogea hatua moja, hivyo ukiandika A mara tatu mfululizo unaweza kupata herufi tatu tofauti. Marekani, Edward Hebern alikuwa akiunda kitu cha namna hiyo. Uholanzi alikuwepo Hugo Koch, na Sweden Arvid Damm. Kwa miaka mingi wanne hao ndio waliohesabiwa kuwa wavumbuzi. Mwaka 2003 mtafiti Karl de Leeuw alichapisha ushahidi wa nyaraka kwamba maofisa wawili wa wanamaji wa Uholanzi, Theo van Hengel na R. P. C. Spengler, waliwatangulia wote: walikuwa na wazo hilo tangu mwaka 1915, wakiwa kazini kwenye koloni ambalo leo ni Indonesia. Inauma kwamba majina yao bado hayajulikani na wengi.

Dhuluma kubwa zaidi, kwa maoni yangu, wamefanyiwa Wapoland. "Turing ndiye aliyevunja Enigma" ni sentensi inayorudiwa kila mahali, ikimsifu Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, ilhali Mpoland Marian Rejewski aliingia ndani ya Enigma ya jeshi Desemba 1932, Turing akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Majasusi wa Ufaransa walikuwa wamenunua nyaraka kutoka kwa Mjerumani Hans-Thilo Schmidt, wakawapa Wapoland. Nyaraka hizo hazikuonyesha nyaya za ndani. Rejewski alizitafuta kwa hisabati, akitumia kosa la Wajerumani la kuandika ufunguo wa kila ujumbe mara mbili mwanzoni. Hesabu zilikwama mahali pamoja: vitufe vimeunganishwaje na gurudumu la kuingilia? Kwenye mashine za biashara nyaya hizo zilifuata mpangilio wa vitufe. Rejewski akajaribu jambo jepesi kuliko yote, A kwa A, B kwa B, na hesabu zikafunguka. Muingereza Dilly Knox, bingwa wa kazi hiyo, aliumizwa kichwa na swali hilohilo hadi Wapoland walipompa jibu Julai 1939 huko Pyry, karibu na Warsaw. Rejewski na wenzake, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa kila walichokuwa nacho, wiki chache kabla nchi yao haijavamiwa. Turing alifanya kazi kubwa, na mashine ya kutafuta funguo za Enigma aliyoisanifu, iliyoboreshwa na Gordon Welchman, inastahili sifa zake. Lakini alianzia pale walipofikia wao.

Mengine ni mafupi. Enigma haikutuma chochote: ilikuwa ikiwasha taa za herufi, mtu akaziandika, kisha ujumbe ukarushwa kwa redio kwa alama za Morse. Colossus, kompyuta ya mapema ya Waingereza, nayo haikujengwa kwa ajili ya Enigma. Tommy Flowers aliijenga kupambana na mashine nyingine, Lorenz, iliyobeba mawasiliano ya makao makuu ya jeshi la Ujerumani.

Tena, si kila siri ya vita ilipitia mashine, na si kila siri ilivunjwa Ulaya. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo Aprili 1942, wavunja siri wa Uingereza waliokuwa huko walihamishiwa Kilindini, Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram. Septemba mwaka huohuo, kosa moja la Wajapani liliwapa John MacInnes na Brian Townend upenyo wa kuingia JN-40, mfumo wa meli za biashara za Japani uliosimbwa kwa jedwali na kalamu. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma kila ujumbe wa mfumo huo ulipoingia, na misafara ya meli za Japani ikawa inafuatiliwa kutoka Mombasa.