Je, wajua kwa nini bamia haiitwi tena Hibiscus?

Ua la bamia likitazamwa asubuhi, kabla jua halijawa kali, halifichi undugu wake na haibiskasi tunayopanda kama ugo wa nyumba. Petali ni tano, rangi ya manjano iliyopauka, na kitovu chake ni cha zambarau iliyoiva. Katikati limesimama bomba la stameni, yaani sehemu za kiume za ua, lenye chavua. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuona undugu huo mapema. Mwaka 1753, katika kitabu chake Species Plantarum, aliiandika bamia kuwa Hibiscus esculentus, yaani Hibiscus inayolika. Lakini ukifungua orodha nyingi za mimea leo utakuta Abelmoschus esculentus (L.) Moench. Mmea haujabadilika. Kilichobadilika ni uzito ambao watu waliipa sehemu moja ndogo ya ua: kile kikombe cha kijani kilicho chini ya petali.

Chukua tumba la bamia linaloelekea kuchanua kesho, lile lililokwisha kuvimba na petali zinaanza kuchungulia. Chini kabisa kuna vijani vyembamba kama nyuzi, kwa kawaida 7 hadi 12. Hivyo si sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua kabla halijachanua. Ni duara la nje ambalo jamaa wengi wa pamba huwa nalo. Sepali zenyewe zimeungana zote tano kuwa ala moja laini inayolifunika tumba, na kwamba ni tano unajua kwa vijino vidogo vilivyo kwenye ncha. Petali zinapotanuka, ala hiyo haifunguki sawasawa pande zote. Huchanika upande mmoja tu, kuanzia juu kushuka chini, kisha hulala ubavuni mwa ua.

Ua hilo huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Likidondoka, petali, bomba la stameni na ile ala iliyochanika huanguka kwa pamoja kwa sababu vimeshikana kwenye kitako. Kinachobaki ni kibamia kichanga kilicho wazi, chenye kovu la mviringo chini yake.

Sasa linganisha na choya, Hibiscus sabdariffa, ambayo wengine huiita rozela. Petali zake huanguka, lakini kikombe cha sepali hubaki kwenye mmea, kikanenepa na kuwa chekundu, kikalifunga tunda ndani. Kikombe hicho ndicho kinachokaushwa na kuchemshwa kupata ile juisi nyekundu. Choya ingekuwa na tabia ya bamia, juisi hiyo tusingeijua.

Anayetaka kulihakiki hili asianze na bamia za sokoni, maana ushahidi wote umeshaanguka shambani. Vile vijani vya nje navyo havikai sana, kwa hiyo vihesabiwe ua likiwa bado tumba.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Linnaeus mwenyewe hakupitwa na dalili hii. Katika maelezo yake mafupi ya Kilatini aliandika kwamba kikombe cha ndani hupasuka ubavuni. Kwake hiyo ilikuwa alama ya kuitambua spishi, si sababu ya kuunda jenasi nyingine, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Aliyeifanya sababu ni Mjerumani Friedrich Kasimir Medikus, aliyeongoza bustani ya mimea ya Mannheim. Mwaka 1787 aliigawa upya sehemu ya familia hii ya pamba na haibiskasi na kuanzisha jenasi Abelmoschus. Hata hivyo bamia yenyewe ilihamishiwa humo na mtu mwingine, Conrad Moench wa Marburg, mwaka 1794.

Jina la jenasi lina asili ya Kiarabu, na maelezo yake ni mawili: abu-l-misk, baba wa miski, au habb al-misk, punje za miski. Vyovyote iwavyo, miski hiyo si ya bamia. Ni ya ndugu yake ambaye mbegu zake zinanukia na hutumika kwenye manukato. Linnaeus alimwita Hibiscus abelmoschus. Medikus alipolipandisha neno hilo kuwa jina la jenasi, spishi yenyewe aliipa jina Abelmoschus moschatus. Kanuni za leo zingemlazimisha kufanya hivyohivyo, kwa kuwa jina la mmea haliruhusiwi kurudia neno lilelile mara mbili. Wanaotaja wanyama wanaruhusiwa. Wa mimea hapana.

Mgawanyo wa Medikus haukukubaliwa na wote. Mwaka 1824 mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle, aliirudisha Abelmoschus ndani ya Hibiscus kama tawi tu. Mwaka 1924 Hochreutiner wa Geneva aliitetea tena kuwa jenasi kamili, hoja yake ikiwa ni ileile ala inayochanika na kuanguka. Ndiyo maana vitabu vya kilimo vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 vina jina Hibiscus esculentus kwa wingi. Ukitafuta taarifa za zamani kuhusu bamia, tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utakosa nusu ya maandiko.

Mabano ya (L.) nayo yana kazi. Yanasema kwamba neno esculentus lilitolewa na Linnaeus katika jenasi nyingine, na Moench ndiye aliyelihamisha. Pakiti ya mbegu iliyoandikwa "Abelmoschus esculentus L." bila mabano inamsingizia Linnaeus jambo ambalo hakulifanya. Kosa jingine ni "esculenta". Majina yote mawili ya jenasi huchukuliwa kuwa ya kiume katika Kilatini, kwa hiyo neno la pili linabaki na -us kokote linakohamia.

Afrika Magharibi suala hili linagusa sufuria moja kwa moja. Huko hulimwa bamia za aina mbili, na kwa miaka mingi zote zilihesabiwa kuwa spishi moja. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Auguste Chevalier, aliiandika ile ya pili mwaka 1940 kama aina ya spishi nyingine kabisa, Hibiscus manihot. J. S. Siemonsma, aliyeichunguza Côte d'Ivoire, alionyesha mwaka 1982 kwamba inasimama peke yake, na mwaka 1988 J. M. C. Stevels akaipa jina linalotumika sasa, Abelmoschus caillei. Kuitambua, rudi kwenye vile vijani vya nje. Kwenye bamia ya kawaida ni vyembamba na huanguka mapema; kwenye caillei ni vipana, milimita 4 hadi 13, na hukaa muda mrefu zaidi. Kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, pia ni nyingi, karibu 190, wakati bamia ya kawaida mara nyingi huhesabiwa karibu 130. Ukizichanganya shambani, chavua hupita kutoka moja hadi nyingine, lakini machotara mengi huzaa mbegu chache au hayazai kabisa. Mkulima anayejiwekea mbegu ataona maua tele na mavuno hafifu bila kujua chanzo.

Hiyo 130 yenyewe imewapa watafiti fununu. Abelmoschus tuberculatus, spishi ya porini ya India, ina kromosomu 58. A. ficulneus ina 72. Jumla ni 130 kamili, na dhana iliyopo ni kwamba bamia ilitokana na spishi mbili kuungana, ya kwanza ikiwa mmoja wa wazazi. Kwa mzazi wa pili ushahidi ni dhaifu zaidi, na asili ya bamia kati ya India na Ethiopia inabishaniwa hadi leo.

Kisha zikaja DNA. Mwaka 2002 Bernard Pfeil na wenzake walilinganisha vinasaba vya kloroplasti, yaani vile vilivyo kwenye chembe za kijani za seli, vya kundi hili, wakakuta kwamba Abelmoschus haiko kando ya Hibiscus bali imechipuka ndani yake, pamoja na jenasi nyingine kadhaa. Zipo njia mbili za kusawazisha hali hiyo: kuikatakata Hibiscus vipande vingi, au kuzirudisha jenasi hizo ndogo ndani yake. Mwaka 2005 Pfeil na Michael Crisp walipendekeza njia ya pili. Ni pendekezo lenye mantiki, ingawa ala ya bamia ni dalili inayoonekana kwa macho kiasi kwamba wengi hawataki kuiacha, na orodha kubwa kama ya Kew, bustani ya mimea ya London, bado inatumia Abelmoschus. Likikubaliwa, hakutahitajika jina jipya. Litarudi lile la 1753, Hibiscus esculentus L., bila mabano.