Baiskeli ya magurudumu matatu kwa mtu mzima: maswali kabla ya kununua

Inamfaa nani?

Mzee aliyeanza kuyumba akitembea, aliyepata kiharusi na upande mmoja ukabaki dhaifu, au mwenye magoti yaliyolika. Siti inabeba uzito wa mwili, hivyo goti linakunja na kukunjua bila mzigo mkubwa kama wa kupanda ngazi. Mwenye kizunguzungu, kifafa kisichotulia, maumivu ya kifua au presha iliyo juu amwone daktari kwanza.

Ikiwa na magurudumu matatu, mtu anaangukaje?

Kwenye kona. Baiskeli ya kawaida unailaza ukikata kona, hii hailali. Ukiingia na kasi, mwili unasukumwa nje, gurudumu la ndani linanyanyuka na chombo kinabiruka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, ufikie mwendo wa mtu anayetembea, kisha egemeza kiwiliwili upande unaogeukia. Aliyeendesha baiskeli ya kawaida miaka mingi ndiye anayepata tabu mwanzoni: mwili wake unataka kulaza badala ya kuzungusha usukani. Ajifunzie kwenye uwanja mtupu.

Barabara zetu nazo. Mitaa mingi ya Dar es Salaam imeinamia pembeni ili maji ya mvua yaende mtaroni, na baiskeli hii huvutwa huko huko. Usijibanze kwenye ukingo wa mtaro usio na mfuniko kwa kuogopa bajaji. Acha nafasi ya kutosha gurudumu la nyuma, maana limetokeza nje kuliko unavyoliona ukiwa umekaa.

Na mguu: usiushushe chini baiskeli ikiwa inatembea. Gurudumu la nyuma linakuja moja kwa moja kwenye kisigino.

Dukani nikague nini?

Anza na upana na kimo. Siti ikikaa chini na magurudumu ya nyuma yakitanuka, inatulia zaidi. Nyingi zina upana wa sentimita 75 hivi nyuma, kwa hiyo pima mlango na korido ya nyumbani kwa futi kabla ya kulipa. Funga breki ya kuegeshea, simama ubavuni, shika siti uisukume: ikinyanyuka kirahisi, iache.

Mwambie muuzaji ainyanyue nyuma, ushike kila gurudumu ulitikise. Likicheza, beringi zimelika au nati zimelegea. Kisha zungusha pedali uone kama zinasukuma magurudumu yote mawili ya nyuma au moja tu. Ikiwa moja, baiskeli itavuta upande mmoja, na kwenye mchanga gurudumu hilo litazunguka bure. Breki ya mbele peke yake haitoshi.

Siti na usukani viwekwe vipi?

Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukihamishia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Siti ikiwa chini mno, goti linauma kwa mbele, na wengi hudhani ni ugonjwa wao umerudi. Usukani uufikie bila kuinama, viwiko vikiwa vimelegea. Kwa mama asiyeweza kuinua goti, tafuta fremu yenye bomba la kati lililoshuka karibu na ardhi. Hiyo ni muhimu kuliko giya.

Niendeshe kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Anza na dakika 10, saa 12 asubuhi kabla ya joto na foleni. Uweze kuongea ukiendesha. Ukishindwa kumaliza sentensi, pumzika. Kifua kikibana, simama utafute msaada.

Matunzo?

Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Msasani inakula cheni na spoki: futa, tia oili kila wiki. Jaza matairi mawili ya nyuma sawasawa, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Moja likipungua, baiskeli inainama upande huo hata kwenye lami iliyonyooka.