Je, wajua mawingu ya kwenye kompyuta hukaguliwaje?

Msimu wa kusi, Tanga mjini jua linaweza kuwa linawaka huku Amani, kilomita kama 50 tu kwa mstari ulionyooka, mawingu yamelala juu ya msitu. Kwenye modeli nyingi za tabianchi za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazoigawa dunia miraba na kukokotoa hali ya hewa yake, mraba mmoja wa hesabu una upana wa karibu kilomita 100. Bahari, mikonge ya Muheza na milima ya Usambara Mashariki huangukia mraba mmoja au miwili. Wingu dogo la pwani halifiki upana wa hata kilomita moja, kwa hiyo modeli hailichori. Hukadiria tu ni sehemu gani ya mraba imefunikwa na mawingu, na kiasi cha maji yaliyomo ndani ya mawingu hayo.

Kukagua makadirio hayo kuna mtego. Setilaiti hutazama kutoka juu, na wingu nene la juu hulificha la chini. Modeli yenyewe inayajua yote mawili. Ukizilinganisha hivihivi unaionea modeli. Ndiyo maana matokeo hupitishwa kwanza katika programu iitwayo COSP: huukata mraba vipande vingi, huyapanga mawingu tabaka kwa tabaka, kisha hukokotoa kile ambacho chombo kingekiona. Vipimo vyenyewe vipo: picha za ISCCP, mradi wa kimataifa unaokusanya takwimu za mawingu kutoka setilaiti, tangu 1983, kisha rada ya setilaiti ya CloudSat na leza ya setilaiti ya CALIPSO, zilizorushwa 2006. Rada huvurugwa na mwangwi wa ardhi karibu na chini. Leza huishia ndani ya wingu nene. Lazima zisomwe pamoja.

Kosa sugu ni hili: juu ya bahari za tropiki modeli nyingi huweka mawingu ya chini machache mno, lakini mazito mno. Machache yanarudisha mwanga mwingi, na jumla inatoka sawa. Kwa wastani mawingu huipoza dunia kwa takriban wati 20 kwa kila mita ya mraba, na modeli inaweza kuipata namba hiyo kwa mawingu yasiyo ya kweli. Bahari ikipata joto, mawingu hayo yanaweza kubadilika tofauti kabisa na yale ya kweli. Sisi hatuukubali ukaguzi unaoishia kwenye jumla.

Saa nayo ikaguliwe. Bara, mvua za radi hupamba moto alasiri hadi jioni. Modeli nyingi huinyesha karibu na adhuhuri, kwa sababu kanuni zake hupandisha wingu mara tu ardhi inapopata joto. Wastani wa mwezi hauonyeshi kosa hilo. Unahitaji takwimu za kila saa tatu au chini ya hapo. Hata misimu hupindwa: kwa Afrika Mashariki, modeli nyingi huzidisha vuli na kupunguza masika, ilhali Tanga masika ndiyo mvua kubwa.