Injini ya bodaboda haitoshi: kujenga ndege ndogo kwenye hewa ya Iringa

Juzi kijana mmoja kanipigia simu kutoka Makambako. "Shikamoo fundi. Nimesikia unatengeneza ndege nyumbani. Mimi bodi nimeshaichomelea, nauliza tu, injini ya bodaboda itanyanyua?" Nikamwuliza bodi ina kilo ngapi. Kimya. Nikamwuliza anakaa mwinuko gani. Kimya zaidi, halafu akacheka: "Mzee, mimi nipo Makambako, kwani mwinuko unahusu nini?"

Unahusu karibu kila kitu. Simu za namna hii napigiwa mara nyingi, wala siwacheki wanaopiga, maana na mimi nilianza kwa kuchomelea vyuma bila kupima. Leo ni fundi wa ndege mwenye leseni, na kwa miaka minne sasa, jioni na siku za mapumziko, najenga ndege yangu ya kiti kimoja kwenye banda nje kidogo ya mji, njia ya Nduli. Niseme mapema ili nisipigiwe simu za kuomba lifti: haijaruka bado. Injini inawaka, mabawa yamekamilika, karatasi ziko njiani.

Michoro niliyonunua ni ya Jodel D.9, ndege ya mbao ya Kifaransa. Ya kwanza iliruka mwaka 1948 kwa injini ya hospawa 25 tu, na watu wakiisikia namba hiyo ndipo wanapoikumbuka bodaboda. Lakini ile iliruka Ufaransa, kwenye nchi tambarare, tena msimu wa baridi, mwezi wa kwanza. Kiwanja cha ndege cha Nduli, hapa Iringa, kipo karibu futi 4,700 juu ya usawa wa bahari. Songwe ni kama futi 4,400, na kile cha zamani cha Mbeya mjini kilikuwa kama futi 5,600. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na joto linaizidishia wepesi.

Hesabu yake haihitaji chuo. Hewa ya kawaida usawa wa bahari huchukuliwa kuwa nyuzi 15, na kila futi 1,000 inapungua nyuzi 2 hivi. Kwa hiyo Nduli, kwa vitabu, ingetakiwa iwe kama nyuzi 5 na nusu. Mchana wa mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, kipimajoto changu kinasoma 28. Zimezidi nyuzi 22 na ushee. Kila nyuzi iliyozidi unaiongezea futi 120, unapata kama futi 2,700. Maana yake injini na mabawa wanajiona wapo futi 7,400, ingawa wewe umesimama chini unakula mahindi ya kuchoma.

Kwenye hewa hiyo injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Bawa nalo linataka kasi zaidi ardhini ili libebe uzito uleule, kama asilimia 12 zaidi, na panga boi, lile la mbele linaloivuta ndege, linashika hewa kidogo. Vikijumlishwa, umbali wa kukimbia kabla ya kunyanyuka unazidi mara moja na nusu ya ule ulioandikwa kwenye kitabu. Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo huku wanapenda saa moja asubuhi.

Sasa bodaboda. Ndege kama yangu ikijaa mafuta na mtu ina kilo 320 hivi. Kuipandisha futi 500 kwa dakika kunataka hospawa karibu 11, na kwa kuwa panga boi hupoteza kama theluthi ya kile inachopewa, injini itoe 16. Hapo sijahesabu nguvu ya kuisukuma ipenye hewani, ambayo inaongezeka juu ya hiyo. Injini ya bodaboda ya cc 150 ina hospawa 12 hivi ikiwa mpya na ikiwa Dar es Salaam. Ikifika kwetu mchana inabaki na 9. Nilimpa kijana hesabu hizi kwa simu, akazinukuu, akasema atarudi kwangu. Mimi nimefunga injini ya Volkswagen, ile ya kobe, cc 1600. Inatoa kama hospawa 45, na mchana wa Nduli inabakiza 35. Inatosha, kwa mtu asiye mnene na asiye na haraka.

Kwenye mbao ndiko niliko na mengi ya kusema. Ukiwa Iringa, ukisema unajenga ndege ya mbao, kila mtu anakwambia: si upo karibu na Mafinga? Kweli, Sao Hill ndilo shamba kubwa la miti la serikali nchini, na misumeno ya Mafinga hailali. Nilikwenda na rula, kioo cha kukuzia na kalamu ya wino wa maji. Mbao ya mhimili wa bawa inatakiwa kichwani mwake uhesabu angalau pete 6 za ukuaji ndani ya inchi moja, na nyuzi zake zisipinde zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu. Pete unazihesabu kwa macho. Nyuzi zinadanganya macho, kwa hiyo unadondosha tone la wino ubavuni: wino unakimbia ukifuata nyuzi zilivyo hasa, halafu unapima mstari wake na ukingo wa mbao.

Nilikaa pale saa tatu nikidondosha wino. Mwenye mbao akaniangalia weee, mwishowe akauliza, "Mzee, unatafuta mbao au mchumba?" Paini ya kule inakua haraka, ndiyo faida yake kwa anayeezeka nyumba. Kwangu ndiyo hasara. Pete zilikuwa 3, nyingine 2, nene kama mistari ya daftari, na vifundo kila baada ya hatua. Nilinunua mbao 12, zote za kutengenezea fremu ya kushikilia kazi mezani. Mhimili wa bawa nimeujenga kwa sprusi, mbao nyepesi ya kujengea ndege, niliyoagiza nje pamoja na plaiwudi ya ndege, na bei yake mke wangu bado hajaambiwa yote.

Sprusi ikifika usikimbilie gundi. Iache bandani izoee hewa ya hapo. Mimi nilikata kipande cha gramu 100, nikakiweka kwenye oveni moto mdogo, nikawa nakipima mpaka kikaacha kupungua. Kilibaki gramu 89. Zile 11 zilizoondoka ni maji. Gawanya kwa 89 unapata asilimia 12 na kitu. Ilikuwa juu kidogo ya nilivyotaka, nikasubiri wiki tatu nyingine.

Gundi ni epoksi ya sehemu mbili. Epoksi nyingi zinataka joto la nyuzi 15 kwenda juu ili zikomae, na mwezi wa saba huku usiku unashuka hadi 10 au chini yake. Jiko la mkaa bandani usithubutu: majivu, mvuke, na hewa yake inaua. Mimi nafunika kazi kwa blanketi na kuweka balbu mbili za kizamani ndani, na kipimajoto kikichungulia nje. Kila nikikoroga gundi, nagundisha pia vipande viwili vya mabaki, naandika tarehe, kesho yake nabana kimoja kwenye jiliwa na kukivunja kwa nyundo. Kinatakiwa kipasuke mbao, gundi ibaki imeshika.

Siku moja kikaachia kwenye gundi. Uso wake ulikuwa unang'aa kama sahani, hakuna hata unyuzi wa mbao uliobaki. Mizani yangu ndogo ilikuwa imeishiwa betri ikawa inasoma hovyo, uwiano ukaharibika. Gundi ile nilikuwa nimegundishia mbavu nne za bawa la kushoto, nzuri kwa macho, hazina kasoro. Nilizitia kwenye jiko la kuni, tukachemshia maharage. Jirani alisikitika kuliko mimi.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Usisubiri ndege iishe ndipo ukabishe hodi Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Nenda na michoro kabla hujakata mbao ya kwanza, maana bila kibali chao na usajili wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, hiyo ni samani. Na mkaguzi akikuta bawa limeshavishwa kitambaa, ataionaje gundi ya ndani? Kwa hiyo piga picha kila kiungo, tunza vile vipande ulivyovunja, na daftari usiliache. Langu sasa ni la tatu.

Kitambaa ni cha poliesta, kinagundishwa kikiwa kimelegea kisha kinakazwa kwa pasi. Pasi ya nyumbani haisemi ukweli. Ipime kwanza kwa kipimajoto, kwa sababu ikizidi kitambaa kinalegea moja kwa moja na hakikazwi tena. Juu yake pakaa rangi yenye unga wa alumini mpaka ukiweka taa ndani usione mwanga nje. Jua la huku juu ni baya kuliko linavyohisiwa. Tunadanganywa na ubaridi.

Ubaridi huohuo ndio ulionipa somo la kabureta. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ukungu umetanda mpaka mlangoni. Kipimajoto nyuzi 14. Nilikuwa nimeifunga ndege kwa kamba kwenye mkaratusi, injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika, sijagusa kitu. Mshale ukaanza kushuka polepole: 2,300, 2,200, ukafika 2,100. Mwanangu wa kiume akadhani mafuta yameisha. Nikavuta kishikio cha hewa ya moto, ile inayopashwa na bomba la moshi. Injini ikashuka zaidi, ikakohoa mara mbili kama mzee mwenye pumu, halafu ikapanda yenyewe. Nikarudisha kishikio, ikarudi 2,400.

Ilikuwa barafu, kwa nyuzi 14. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inachukua joto, na hewa inapopita mbio kwenye koo lake jembamba nayo inapoa; kwa pamoja wanaweza kushusha joto nyuzi 20 au zaidi. Hewa ikiwa na unyevu, maji yanaganda kwenye kuta na kuziba njia. Ukishaizima injini barafu inayeyuka, unafungua kabureta hukuti kitu. Fundi wa magari atakubadilishia plagi, filta, na pampu, na tatizo litakungoja angani. Milima ya Uporoto, Mufindi, Njombe, kote ni hali ya hewa ya barafu hiyo. Kwenye ndege yangu kishikio cha hewa ya moto nimekipaka rangi nyekundu na kukiweka mkono wa kushoto, pembeni kabisa ya kile cha mafuta.

Kijana wa Makambako alikuja kweli, wiki iliyopita, na basi la asubuhi. "Kamwene, mzee." "Kamwene, karibu banda." Alikuwa na daftari. Nikaona kuliko nimpe maneno nimpe kazi: tukague panga boi. Ni la mbao, limefungwa kwa bolti 6, na nililikaza mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Nilikata waya wa usalama, nikampa spana ya kupimia mkazo, nikaiseti kwenye namba ya mtengenezaji. Bolti ya kwanza ikazunguka karibu robo kabla spana haijalia. Ya pili hivyohivyo. Akanitazama kama vile nimemficha kitu.

Tangu mwezi wa pili hadi huu wa nane mbao imekauka na kusinyaa, bolti zikabaki zimeshika hewa. Tulilivua panga. Kwenye uso unaokaa na chuma kulikuwa na vumbi jeusi jembamba, dalili kwamba vilishaanza kusuguana. Akalipitisha kidole, akalinusa. Hapakuwa na ufa, hivyo tukapangusa, tukarudisha, tukakaza kwa zamu bolti zinazotazamana, tukafunga waya mpya. Mvua zikianza mambo yanageuka: mbao inavimba, bolti zinabana kupita kiasi na kuikandamiza. Tarehe ya kukagua tena nimeiandika ukutani kwa chaki, wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, na yeye ameinakili kwenye daftari lake. Bodi yake amekwenda kuipima. Jana katuma ujumbe: kilo 214, bila injini.