Ndege-mashua ni nini, na kwa nini mkuku wake umekatwa

Mjomba wangu ni fundi wa mitumbwi hapa Mwanza. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya ndege ya zamani iitwayo Short Calcutta: imefungwa kwenye boya, mabawa yake yamepandana, injini tatu zimekaa katikati ya bawa la juu na la chini. Nilidhani ataulizia injini. Yeye akaikuza picha kwa vidole mpaka sehemu ya chini, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mpwa wangu, mkuku huu mbona umekatwa?" Mkuku ni ule uti wa chini kabisa wa chombo, unaotoka mbele kwenda nyuma.

Nazipenda ndege za kale tangu shule ya msingi, na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Anayeweza kulijibu ameshaelewa ndege-mashua ni chombo gani.

Wengi wetu huita ndege yoyote inayotua majini "ndege ya maji", na si kosa. Ila ndani ya jina hilo kuna vyombo viwili tofauti. Cha kwanza ni ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu ikavishwa maboya mawili marefu. Mwili wake unabaki juu, hauligusi ziwa. Cha pili ndicho ndege-mashua. Hii haisimami juu ya kitu. Mwili wenyewe ndio chombo: una mkuku, una mataruma, yaani mbavu za ndani, una omo, yaani sehemu ya mbele ya kupasua mawimbi, na abiria wanakaa ndani yake huku maji yakipita chini ya miguu yao. Viboya vidogo unavyoviona karibu na ncha za mabawa kazi yake ni kuzuia isilale ubavu, kama zile mbao za pembeni za ngalawa kule pwani. Zipo pia zilizoongezewa magurudumu ya kukunja, zikaweza kutoka majini na kupanda nchi kavu. Catalina nyingi za Marekani ziliundwa hivyo.

Anayeishi kando ya ziwa hili akisikia ndege na maji katika sentensi moja hukumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani, na watu 19 tuliowapoteza. Ndege ile ilikuwa ya nchi kavu, imeundwa kwa ajili ya lami. Maji kwake yalikuwa ajali. Kwa ndege-mashua, maji ndiyo uwanja.

Sasa turudi kwa mjomba. Mkuku wa ndege-mashua unatoka omoni ukiwa mzima, lakini ukifika karibu na katikati unakatika ghafla, na sehemu ya nyuma inaanzia juu kidogo. Ukiutazama kwa ubavu unaona kama ngazi. Hicho ndicho kidato, na bila hicho ndege kubwa ya aina hii ingehangaika ziwani bila kuruka.

Ndege inapoanza kuondoka, hukaa majini kama mtumbwi wowote, imezama kwa kadiri ya uzito wake. Rubani anaongeza moto, mwendo unapanda, omo linainuka, maji yanarushwa pembeni. Mwendo ukizidi, chombo kinapanda juu ya maji na kuanza kuteleza, kama boti ya injini isiyo na mzigo inavyofanya ikikimbia. Hapo ndipo tatizo linapozuka. Maji yana tabia ya kung'ang'ania kitu kilichopinda. Weka mgongo wa kijiko chini ya bomba uone kijiko kinavyovutwa. Tumbo la nyuma la ndege, ambalo lazima lipinde kwenda juu mkiani, linavutwa vivyo hivyo. Rubani akitaka kunyanyua pua, maji yanaushika mkia. Kidato kinayakata maji yale: yanafika ukingoni, yanashindwa kufuata pembe kali, hewa inaingia nyuma yake, na mkia unakuwa huru. Kuanzia hapo ndege inateleza juu ya kipande kidogo cha mkuku mbele ya kidato, mpaka mabawa yaubebe uzito wote.

Mjomba alilisikiliza hilo mpaka mwisho. Akasema mtumbwi hauhitaji kidato kwa sababu hautaki kuondoka majini. Sina la kuongeza.

Ndege hizi zinatuhusu sisi wa Mwanza kwa karibu sana. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilifungua safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza. Si Nairobi, si Dar es Salaam. Barua iliyotoka London ilifika hapa kwa muda wa siku kumi hivi, ikibadilishiwa vyombo njiani. Kuanzia Khartoum ilibebwa na Calcutta, ndege-mashua ya chuma chepesi iliyoweza kuchukua abiria 15, ikifuata Mto Naili kisha kuvuka ziwa. Heshima hiyo hatukukaa nayo muda mrefu. Mwaka 1932 njia iliposukumwa mpaka Cape Town ilipitia Kisumu na Nairobi, nasi tukaachwa pembeni.

Mwaka 1937 zikaja kubwa zaidi, zile za Short Empire zenye injini nne na bawa moja pana lililokaa juu ya mwili. Hizo zilitoka Southampton, zikatua Port Bell ya Uganda na Kisumu, zikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hadi Durban. Nikiambiwa nichague ndege moja ya kale ya kuiona kwa macho yangu, nachagua Empire. Haiwezekani. Hakuna hata moja iliyobaki duniani.

Kwa nini walichagua maji? Afrika ya miaka ile ilikuwa na viwanja vichache vya kubeba ndege nzito, na mvua ikinyesha vingi viligeuka matope. Ziwa halihitaji greda. Ndege nzito ilitaka nafasi ndefu ya kukimbilia, na ziwa linayo. Ila si kwamba kazi ilikuwa rahisi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani: injini inapungukiwa nguvu, bawa linapungukiwa mbebeko, yaani nguvu ya kuinua ndege, na ndege yenye mzigo uleule inakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba ziwa lililotulia kabisa ni adui. Wavuvi wanalijua lile ziwa la alfajiri linalong'aa kama kioo. Rubani akishuka juu ya maji ya namna hiyo hawezi kukadiria yuko juu kiasi gani, kwa sababu jicho halipati kitu cha kushika. Na akitaka kuruka, maji laini yanaung'ang'ania mkuku kuliko yenye viwimbi. Dawa yake ilikuwa kutuma boti ya injini ipite mbele na kuyavuruga.

Kisha kuna kazi ambazo rubani wa leo hazijui. Ndege-mashua haina breki. Injini ikishawaka, chombo kinakwenda. Ili kufunga, baharia alitokeza kwenye tundu la omo na kulidaka boya kwa upondo wenye ndoano. Abiria waliletwa kwa boti. Maji yaliyopenya ndani yalikusanyika ngamani, chini kabisa ya chombo, yakatolewa kwa pampu. Mvuvi wa Kirumba hapa Mwanza angeingia kazini humo bila kufundishwa mengi.

Zilikufa kwa sababu ya vita. Kati ya 1939 na 1945 majeshi yalijenga viwanja virefu kila upande wa dunia, na ndege za nchi kavu zikawa za kasi na za kwenda mbali. Kutunza boti, maboya na mabaharia kila kituo kukaonekana gharama, na kutua majini usiku kulibaki hatari. Safari za ndege-mashua za BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways, zilikoma Novemba 1950; hadi mwisho njia yao ya Afrika ilipitia Port Bell, kwa ndege za Short Solent.

Solent moja imehifadhiwa Oakland, Marekani, nyingine Auckland, New Zealand. Ndugu yao wa kivita, Sunderland, yupo katika makumbusho ya Duxford na Hendon, Uingereza. Catalina chache bado zinaruka mpaka leo. Ukikuta picha ya yoyote kati ya hizo, usianzie kwenye injini. Shuka chini, tafuta pale mkuku unapokatika.

Mimi na mjomba tunachonga Calcutta ya mbao, urefu wa mkono mmoja. Mabawa ni kazi yangu. Mkuku hataki niuguse. Jumapili tuliushusha majini kabla ya kuupaka rangi, tukaufunga kamba na kuuvuta nyuma ya mtumbwi. Mtumbwi ulipokolea mwendo, mkuku ukapanda, maji yakakatika palepale kwenye kidato, na nyuma yake pakabaki pakavu. Mjomba akamwambia kijana wa injini azunguke tena.