Kipindi cha mpito kanisani: maana yake na kazi zake

Kipindi cha mpito ni muda unaoanzia pale mchungaji anapoondoka, awe amehamishwa, amestaafu, amefariki au ameondolewa kwa ugomvi, hadi mwingine anapoingizwa kazini. Anayekabidhiwa kundi kwa muda huo huitwa mchungaji wa mpito, au kwa kifupi kaimu.

Urefu wa kipindi hicho unategemea nani ana mamlaka ya kuleta mchungaji. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wachungaji hupangiwa vituo na dayosisi, kwa hiyo mara nyingi anayeondoka na anayekuja hupishana kwa muda mfupi. Pakitokea pengo, mchungaji wa usharika wa jirani anaweza kuombwa ausimamie, mwinjilisti na wazee wakaendelea na ibada, na Meza ya Bwana ikasubiri siku atakayofika mchungaji. Kwa Wapresbiteri wa Uskoti mambo huenda polepole zaidi. Presbiteri, yaani baraza linalosimamia sharika za eneo, huteua msimamizi wa muda, washarika wakachagua kamati ya watu wasiozidi 13, nayo kamati huleta jina moja tu. Mwenye jina hilo huja kuhubiri, kisha washarika hupiga kura. Huko miezi mingi kupita bila mchungaji si jambo la ajabu.

Wengi huona kazi ya kaimu ni kuziba pengo: ahubiri Jumapili, azike, abatize, basi. Loren Mead, kasisi wa Kanisa la Episkopo la Marekani aliyeanzisha Taasisi ya Alban mwaka 1974, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba muda huu una kazi zake wenyewe. Watu waikubali historia yao, wajiulize wao ni kanisa la namna gani sasa, wapokee mabadiliko ya uongozi, watengeneze uhusiano wao na dhehebu lao zima, ndipo wajitoe kwa moyo kumpokea anayekuja. Nakubaliana naye, hasa kwa ile ya kwanza.

Mchungaji aliyekaa miaka kumi na mitano amewabatiza watoto, amewafundisha kipaimara, akawafungisha ndoa. Akiondoka, wapo watakaomlilia na wapo watakaoshusha pumzi, na mara nyingi hao wote hukaa benchi moja. Wasipopata mahali pa kuyasema hayo, watayasema kwenye simu usiku, na mchungaji mpya atayakuta yamekuwa makundi. Kwa hiyo kaimu mwenye busara huzunguka kwenye jumuiya, nyumba kwa nyumba, akiuliza maswali mawili matatu: mlipenda nini, kiliwaumiza nini, kuna jambo gani hapa ambalo hamlizungumzi? Kisha anasikiliza. Hamtetei aliyeondoka wala hamsemi vibaya. Waisraeli walimlilia Musa siku thelathini katika nchi tambarare za Moabu kabla ya kusonga mbele na Yoshua, na sioni kwa nini sisi tuharakishe.

Jaribio kubwa huja na msiba. Mzee wa kanisa amefariki Jumanne, na familia inataka azikwe na mchungaji wao wa zamani, aliyemwombea marehemu hospitalini. Ni ombi la haki kabisa. Ila familia isimpigie yeye moja kwa moja. Ipite kwa kaimu, naye ndiye amwalike, na ikiwezekana waongoze ibada pamoja. Mchungaji mstaafu anayerudi kila harusi na kila mazishi bila mwaliko anawanyima watu nafasi ya kumuaga, hata kama nia yake ni njema.

Fedha nazo zisiachwe. Kama aliyeondoka alikuwa mmoja wa watia saini benki, jina lake libadilishwe mapema kwa muhtasari wa baraza la wazee. Sadaka ihesabiwe siku ile ile na watu wasiopungua wawili, waandike, watie saini. Na mapato ya mnada wa mazao baada ya ibada yaingie kwenye kitabu kile kile. Funguo za nyumba ya mchungaji, daftari la ubatizo na la ndoa, mhuri: kila kimoja kiwe na mtu anayejulikana kuwa anakitunza. Tuhuma ndogo katika kipindi hiki hukua haraka, kwa sababu hakuna mtu mwenye kauli ya mwisho.

Katika Maandiko, Tito ndiye ninayemwona karibu zaidi na kazi hii. Paulo alimwacha Krete atengeneze yaliyopunguka na kuweka wazee katika kila mji. Katika sura ya tatu ya waraka wake kwa Tito anamwambia kwamba atakapomtuma Artema au Tikiko, ajitahidi kuja Nikopoli. Aliambiwa mapema kwamba ataitwa aondoke.

Ndiyo sababu makanisa mengi hayapendi kaimu agombee nafasi anayoishikilia. Akiitamani, atayakwepa mazungumzo magumu asije akaudhi wapiga kura. Kanisa la Presbiteri la Marekani kwa miaka mingi lilikataza kabisa. Siku hizi presbiteri inaweza kuruhusu, lakini kwa kura za robo tatu. Pale ambapo sheria iko kimya, wazee waliandike hilo kwenye barua ya makubaliano kabla kaimu hajaanza, pamoja na tarehe ya kumaliza na orodha ya vitu atakavyokabidhi.