Kabla ya kulipia kifurushi kikubwa, hamisha ruta

Malalamiko kuhusu waifai ya nyumbani hufanana sana: sebuleni mambo shwari, chumbani video inakwamakwama. Wengi hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Kasi anayouza mtoa huduma inaishia kwenye ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani. Kutoka hapo hadi kwenye simu yako ni kazi ya mawimbi ya redio, na kifurushi hakiwezi kuyaongezea nguvu.

Kwa hiyo kwanza jua tatizo liko wapi. Pima kasi ya intaneti ukiwa mita mbili au tatu kutoka kwenye ruta, halafu pima tena ukiwa katika chumba kinachosumbua. Ikiwa hata karibu na ruta kasi ni ndogo, shida huenda iko kwenye laini inayoingia nyumbani au kwenye ruta yenyewe. Mpigie mtoa huduma. Ikiwa karibu ni nzuri na chumbani ni mbovu, shida ni ya mawimbi, na sehemu kubwa ya tiba yake haina gharama.

Ruta nyingi hukaa pale fundi alipoingizia waya: kwenye kona, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati au chini sakafuni. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mawimbi husambaa kila upande, hivyo ruta ya konani inatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuhudumia nje ya nyumba. Iweke karibu na katikati, juu ya meza iliyoinuka au rafu, pasipo kitu cha chuma mbele yake. Antena zake za nje, kama zipo, zisimame wima, kwa sababu antena ya namna hiyo hurusha mawimbi zaidi ubavuni kuliko nchani. Nyumba ikiwa ya ghorofa, laza antena moja.

Kisha tazama kuta. Mbao na jasi huyapunguza mawimbi kidogo, tofali huyapunguza zaidi, na zege lenye nondo huyachosha kabisa. Friji na kabati la chuma huyarudisha yalikotoka. Kioo kikubwa cha kujitazamia pia, maana nyuma yake kimepakwa tabaka jembamba la metali. Maji nayo huyanyonya, kwa hiyo tangi la samaki lililo njiani ni kizuizi halisi. Simama chumbani, kadiria mstari ulionyooka hadi ilipo ruta, uhesabu unachokatiza. Angalia pia mstari huo unaupitaje ukuta: ukiukata mshazari, mawimbi husafiri ndani ya tofali kwa urefu mkubwa kuliko yakiupita moja kwa moja. Ndiyo maana kusogeza ruta hatua moja tu, mstari ukapita mlangoni, kunaweza kubadili hali ya chumba kizima.

Usipime kwa vile vijistari vya kwenye simu. Zipo programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kwa namba hasi. Karibu na -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa simu ya video, na ikishuka kufikia -80 usitarajie mengi. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu.

Kumbuka vilevile kwamba mawasiliano haya ni ya pande mbili. Simu nayo lazima isikike kwenye ruta, na kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Ndiyo maana wakati mwingine vijistari vinaonekana vya kutosha lakini picha haitumwi. Kuongeza nguvu ya ruta peke yake hakuondoi tatizo hilo. Kupunguza umbali na vizuizi kunaliondoa.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila yana msongamano, na oveni ya maikrowevu inayofanya kazi huyavuruga. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka mapema. Aliye karibu atumie 5, aliye mbali 2.4. Ukiishi katika jengo lenye ruta nyingi, chagua chaneli (vipande ambavyo masafa hugawanywa) 1, 6 au 11 kwenye 2.4, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Ukiwa umefanya yote hayo na chumba bado kinasumbua, ndipo ufikirie ekstenda, kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena mbele. Kosa kubwa ni kuichomeka ndani ya chumba kisicho na mawimbi. Hapo itarudia udhaifu uleule inaoupokea. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo bado inaipata ruta vizuri. Ujue pia kwamba ekstenda inayopokea na kurusha kwa masafa yaleyale hupunguza kasi takribani nusu.

Mimi ningependekeza waya popote unapowezekana. Kebo ya kawaida ya mtandao hufika hadi mita 100 na haijali zege wala friji. Anza na televisheni na kompyuta ya mezani, ambazo hazihami. Vifaa vya waifai hupokezana zamu kwenye chaneli moja, kwa hiyo kila kimoja unachokihamishia kwenye waya huviachia nafasi vile vilivyobaki hewani.